Upandikizaji wa uloto umefika kwa jirani, lakini ubongo wa mtoto wa selimundu hausubiri

Mwaka 2023, Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma, nchini Tanzania, ilianza kuwapandikiza uloto watoto wanaougua selimundu. Kwa wazazi wengi wa ukanda huu, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusikia neno "kupona" likitajwa na madaktari wa nchi jirani, badala ya kulisikia kwa jamaa aliyerejea kutoka India au Ulaya. Kutoka Bujumbura hadi Kigoma ni safari ya gari au ya ziwa. Kutoka Kigoma hadi Dodoma kuna reli. Habari kama hiyo haikosi kuamsha matumaini huku kwetu, kuanzia Buyenzi hadi Rumonge na Nyanza-Lac, ambako ukoo mmoja huweza kuwa na watu pande zote mbili za mpaka.

Matumaini hayo yana msingi. Hata hivyo, habari hiyo ina nusu ya pili ambayo ni nadra kusomwa hewani. Upandikizaji wa uloto haufanywi kwa ajili ya maumivu ya mifupa pekee. Miongoni mwa sababu nzito zinazowafanya madaktari waukubali, pamoja na hatari zake zote, ni kuuokoa ubongo: kumkinga na kiharusi mtoto wa miaka mitatu, mitano au minane. Na kiharusi hakisubiri zamu kwenye orodha ya hospitali ya rufaa. Ndiyo maana swali linalopaswa kutushughulisha zaidi kuliko lini upandikizaji utatufikia ni hili: nani atakayeipima mishipa ya ubongo wa mtoto kabla wakati haujampita?

Ugonjwa mmoja, majina mengi

Anayetafsiri habari za afya katika chumba cha habari hukwama kwanza kwenye jina. Tanzania husema selimundu au sikoseli. Madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa husema drepanositozi. Ng'ambo ya mto Rusizi, huko Uvira na Bukavu, mzazi hukwambia tu kwamba mtoto wake ni "SS". Yote ni majina ya ugonjwa mmoja, lakini wingi wake una madhara: mzazi aliyeambiwa hospitalini kuwa mwanawe ni SS anaweza kusikia redioni habari ya selimundu, akaiacha ipite, asijue kuwa inamhusu yeye.

Herufi mbili za S zinaeleza asili ya ugonjwa. Mtoto hurithi kasoro moja ya hemoglobini kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Mwenye kasoro moja tu, yaani AS, ni mbebaji. Kwa kawaida haugui, tena hupata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumleta mtoto wa SS. Kwa hiyo maneno ya kumlaumu mama peke yake, au ya kutafuta mchawi mtaani, hayana mahali pa kusimama: bila fungu la baba hakuna SS.

Uhusiano na malaria ndio unaoeleza kwa nini ugonjwa huu umeota mizizi zaidi katika nyanda za chini zenye mbu kuliko katika milima ya baridi. Takwimu za majirani zinaonyesha uzito wake. Mjini Kinshasa, uchunguzi wa watoto wachanga 31,204, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2009, ulikuta kwamba asilimia 1.4 walikuwa SS na takriban asilimia 17 walikuwa wabebaji. Nchini Uganda, uchunguzi wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta wabebaji asilimia 13.3. Duniani kote, inakadiriwa kuwa watoto wapatao 515,000 walizaliwa na ugonjwa huu mwaka 2021, na zaidi ya robo tatu yao ni wa Afrika kusini mwa Sahara.

Damu inayokimbia kupita kiasi

Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120. Ile ya selimundu, inayojikunja kama mundu wa kuvunia mpunga, huishi siku 10 hadi 20 tu, kisha huvunjika. Mtoto hubaki na upungufu wa damu wa kudumu. Mwili, ukiona oksijeni haitoshi, huisukuma damu kichwani kwa kasi zaidi ili ubongo usikose riziki yake.

Miaka inavyokwenda, kuta za mishipa mikubwa inayopeleka damu ubongoni hupata michubuko, huwa nene na kubana njia. Aliyewahi kumwagilia bustani kwa mpira wa maji anafahamu linalofuata: ukiubana mdomo wa mpira kwa kidole, maji hutoka kwa kasi kubwa zaidi. Ndivyo inavyokuwa kwa damu. Kasi inayopanda ni dalili kwamba mshipa unazidi kuwa mwembamba. Siku njia ikizibika, sehemu ya ubongo iliyokuwa ikitegemea mshipa huo hufa. Mtoto huamka na mkono usioinuka, mdomo uliopinda upande mmoja, au ulimi usiotamka.

Kabla ya kuwapo kwa njia za kinga, tafiti za Marekani zilionyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 10 wa SS alikuwa amepata kiharusi kabla ya kutimiza miaka 20, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miaka ya mwanzo, hasa kati ya miaka miwili na mitano. Lakini kuna kiharusi kingine kisicho na kelele. Hakimwangushi mtoto, hakimpindishi mdomo; huacha makovu madogo ambayo huonekana tu kwenye picha ya ubongo ya MRI. Zaidi ya theluthi moja ya watoto wa SS huwa tayari na makovu hayo kabla ya kufikisha miaka 18.

Hapa ndipo ugonjwa unapoingia darasani bila kubisha hodi. Mtoto aliyekuwa akikariri vizuri anaanza kusahau. Anachelewa kunakili ubaoni. Anashindwa kufuata maagizo matatu yaliyotolewa kwa mfululizo. Mwalimu humwita mvivu, na nyumbani huchapwa kwa sababu ya alama zake, ilhali chanzo ni jeraha ambalo hakuna aliyelipima. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwachunguza watoto 265 wa selimundu wenye umri wa mwaka 1 hadi 12. Takriban 1 kati ya 20 alikuwa na dalili za kiharusi, na zaidi ya 1 kati ya 10 alikuwa na upungufu wa utambuzi. Hao walikuwa watoto waliokuwa tayari wanahudhuria kliniki. Wale ambao hawajawahi kufika kliniki hawamo katika hesabu hiyo.

Sentimita 200 kwa sekunde

Kwamba kiharusi hiki kinaweza kutabirika ni moja ya mafanikio makubwa ya tiba ya watoto katika miongo ya karibuni. Chombo kinachotumika kinafanana na kile cha kumtazama mtoto tumboni: hurusha mawimbi ya sauti kupitia mfupa mwembamba wa panja na kupima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo. Kwa kifupi huitwa TCD. Hakina sindano, hakina mionzi, wala mtoto halazimiki kulazwa usingizi. Anachotakiwa ni kutulia kwa muda.

Kasi ikiwa chini ya sentimita 170 kwa sekunde, ni ya kawaida. Ikiwa kati ya 170 na 199, mtoto yuko mpakani na hupaswa kupimwa tena baada ya muda mfupi. Ikifika 200 au zaidi, hatari ni kubwa. Utafiti wa Marekani uliojulikana kwa jina la STOP, uliochapishwa mwaka 1998, uliwachukua watoto 130 waliokuwa na kasi hiyo ya hatari. Waliopewa damu kila mwezi walikuwa 63, na mmoja wao tu alipata kiharusi. Kati ya 67 waliobaki katika huduma ya kawaida, 11 walipata. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa mapema ili wote wapewe kinga.

Ndipo tatizo jipya likajitokeza. Watoto walipoachishwa damu baada ya miaka kadhaa, wengi wao kasi ilirudi kupanda, na baadhi walipata kiharusi. Maana yake ni kwamba kuongezewa damu kila mwezi ni sawa na kushikilia mlango kwa mkono: ukiuachia, unafunguka. Na damu inayoongezwa mwaka baada ya mwaka hujaza madini ya chuma kwenye ini na moyo, na kuhitaji dawa nyingine ya kuyaondoa. Katika nchi zenye akiba kubwa ya damu salama hilo ni zigo. Katika nchi ambazo hospitali huwataka ndugu wa mgonjwa watoe damu kabla ya upasuaji, ni jambo lisilowezekana kwa mtoto mmoja, seuze kwa maelfu.

Kilichoonekana Ufaransa, na kabla yake Brussels

Kwa sababu hiyo madaktari wakageukia chanzo chenyewe. Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, katika uloto, ambao wengine huuita uboho. Humo mna seli shina, yaani seli mama zinazozaa chembe zote za damu. Zikiondolewa zile zenye kasoro na kuwekwa za ndugu mwenye afya, mwili huanza kutengeneza damu mpya isiyojikunja. Upandikizaji huu haufanani na wa figo. Hakuna kiungo kinachokatwa. Seli huchotwa kutoka mfupa wa nyonga wa mtoaji akiwa amelazwa usingizi, kisha mgonjwa hutiwa kwa njia ya mshipa kama anayeongezewa damu. Zenyewe hujua njia ya kwenda mifupani.

Mtoto wa kwanza mwenye selimundu aliyepona kwa njia hii alipona kana kwamba kwa bahati: alikuwa msichana wa Marekani aliyepandikizwa kwa sababu ya saratani ya damu, na habari zake zilichapishwa mwaka 1984. Waliofuata kupandikizwa kwa ajili ya selimundu yenyewe walikuwa nchini Ubelgiji, na hapa pana mkono wa ukanda wetu. Ripoti ya madaktari wa Ubelgiji ya mwaka 1998, iliyowahusu wagonjwa 50, inaeleza kuwa 14 kati yao hawakuwa wamepata madhara makubwa bado. Walipandikizwa mapema kwa kuwa familia zao zilipanga kurejea katika nchi zao za asili, ambako huduma ya kuwafuatilia kwa karibu isingepatikana. Kwa maneno mengine, tangu awali upandikizaji ulionekana kuwa na maana zaidi kwa mtoto anayekwenda kuishi mahali ambapo damu salama ya kila mwezi haipo. Hoja hiyo bado ina uzito leo.

Kuhusu ubongo, ushahidi ulio bayana zaidi ulitoka Ufaransa. Utafiti ulioitwa DREPAGREFFE, uliochapishwa mwaka 2019, uliwahusisha watoto 67 waliokuwa wakiongezewa damu mara kwa mara kwa sababu kasi ya damu ubongoni ilikuwa imefika kiwango cha hatari. Wenye ndugu anayefaa kutoa uloto, 32, walipandikizwa. Wasio na ndugu huyo, 35, waliendelea na huduma ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, wastani wa kasi kwa waliopandikizwa ulikuwa sentimita 129.6 kwa sekunde. Kwa wengine ulikuwa 170.4.

Tarakimu hizo zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hata kundi la pili lilikuwa limeshuka kutoka eneo la hatari. Hivyo huduma ya kawaida, pale inapotolewa kikamilifu, inafanya kazi. Tofauti ni kwamba kundi la kwanza lilirudi katika kasi ya mtoto wa kawaida na likaachana na damu ya kila mwezi. Na hapo pana jambo ambalo mzazi anapaswa kuambiwa wazi: upandikizaji husimamisha uharibifu, hauwezi kuifufua sehemu ya ubongo iliyokwisha kufa. Mtoto aliyepoteza matumizi ya mkono wake akiwa na miaka minne hatarudishiwa mkono huo na uloto akiwa na miaka kumi. Atakingwa na kiharusi cha pili tu.

Hesabu ya ndugu

Nani anaweza kutoa uloto? Mtoaji anayefaa zaidi ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ambaye alama za utambulisho za seli zake zinalingana kabisa na za mgonjwa. Kundi la damu halitoshi kuamua. Uwezekano wa ndugu mmoja kulingana ni moja kwa nne. Tena ndugu huyo asiwe mgonjwa wa SS mwenyewe, jambo ambalo wazazi wakiwa wabebaji lina uwezekano wa robo tatu. Mbebaji anaruhusiwa kutoa. Ukizidisha viwili hivyo, kila ndugu ana uwezekano wa tatu kwa kumi na sita, yaani chini kidogo ya moja kwa tano.

Kwa familia ya Ulaya yenye watoto wawili, hesabu hiyo ni kali, kwani mgonjwa ana ndugu mmoja tu. Kwetu inabadilika. Mtoto mwenye ndugu wanne wa baba na mama mmoja ana uwezekano wa asilimia takriban 56 wa kumpata angalau mmoja anayefaa. Ni nadra kwa ukubwa wa familia zetu kutajwa kuwa faida katika mijadala ya afya, lakini hapa ni faida ya wazi. Mpaka wake ni kwamba ndugu wa baba mmoja na mama tofauti, ambao ni wengi majumbani mwetu, hawaingii katika hesabu hiyo.

Katika vituo kadhaa vya nchi tajiri, sasa wazazi nao hutumika kutoa uloto ingawa wanalingana na mtoto kwa nusu tu. Njia hiyo inazidi kuboreshwa, lakini inahitaji dawa na uangalizi zaidi kuliko ule wa ndugu aliyelingana. Kituo kinachoanza kwa kawaida huanza na ndugu.

Gharama isiyo ya fedha

Itakuwa si haki kwa msikilizaji kusifu bila kutaja hatari. Kabla ya kupewa seli mpya, mtoto hupewa dawa kali za kuufagia uloto wa zamani. Kwa wiki kadhaa hana kinga ya maradhi. Dawa hizo zinaweza kumfanya asizae atakapokuwa mtu mzima, na katika jamii zetu hilo si jambo dogo. Linapaswa kuzungumzwa na wazazi wote wawili kabla ya kutia saini. Yako pia maradhi ambapo seli za mtoaji hugeuka na kuushambulia mwili wa mpokeaji, ngozi, ini na matumbo.

Kwa mtoto ambaye ubongo wake umekwisha kujeruhiwa, wiki za mwanzo ni nyeti zaidi. Katika majaribio ya awali ya Marekani, baadhi ya watoto wa aina hiyo walipata degedege, na wengine damu ilivuja ndani ya kichwa. Madaktari walijifunza kutoa dawa za kuzuia degedege mapema, kudhibiti shinikizo la damu, na kuhakikisha kuwa chembe zinazogandisha damu hazishuki mno. Sharti hilo la mwisho linamaanisha benki ya damu inayoweza kutoa chembe hizo usiku na mchana. Chumba cha upandikizaji kisicho na benki ya damu nyuma yake ni nyumba bila msingi.

Pamoja na hayo yote, matokeo ya dunia yanatia moyo. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliowajumuisha wagonjwa 1,000 waliopandikizwa kutoka kwa ndugu waliolingana, kati ya 1986 na 2013, ulionyesha kuwa asilimia 92.9 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Kwa walio chini ya miaka 16 ilikuwa asilimia 95. Kadiri umri ulivyopanda ndivyo matokeo yalivyopungua. Hata hivyo, asilimia 95 ina maana pia kwamba katika kila watoto 20, mmoja hakuwa hai miaka mitano baadaye. Mzazi anayeamua lazima azishike namba zote mbili mkononi.

Kuhusu matibabu mapya ya kurekebisha vinasaba, yaliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa mwaka 2023, msikilizaji asitarajie nafuu ya karibu. Mojawapo ilitangazwa Marekani kwa bei ya dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na iliidhinishwa kwanza kwa wenye umri wa miaka 12 na kuendelea. Kufikia umri huo, kipindi cha hatari kubwa zaidi kwa ubongo kimekwisha kupita.

Ngazi isiyo na vipandio vya chini

Tukirudi Dodoma, picha sasa inaeleweka vizuri zaidi. Upandikizaji ni kipandio cha juu kabisa cha ngazi. Chini yake kuna vipandio vingine: kupimwa damu mtoto anapozaliwa, kinga ya malaria na ya maambukizi, kliniki ya kila mara, kupimwa kasi ya damu ubongoni kuanzia miaka miwili, na dawa iitwayo haidroksiyurea. Asiyepandishwa vipandio hivyo hafiki juu, hata kituo kikijengwa karibu na nyumba yake.

Haidroksiyurea inastahili kutajwa peke yake. Ni kidonge cha kunywa kila siku ambacho huufanya mwili utengeneze tena hemoglobini ya utotoni, ile isiyojikunja. Kwa miaka mingi ilihofiwa kuwa ingewadhuru watoto wa Afrika wanaoishi na malaria. Utafiti wa REACH, uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi nchini Kenya na Mbale nchini Uganda, na kuchapishwa mwaka 2019, uliiondoa hofu hiyo. Watoto 606 walipewa dawa. Vifo vilishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Malaria ilipungua kwa zaidi ya nusu, na haja ya kuongezewa damu ilishuka hadi theluthi moja.

Kwa ubongo pia dawa hii ina ushahidi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016, uitwao TWiTCH, ulionyesha kuwa watoto wenye kasi ya hatari, wakishaongezewa damu kwa angalau mwaka mmoja na mishipa yao ikiwa haijabana sana, wanaweza kuhamishiwa kwenye haidroksiyurea bila kupoteza kinga. Kaskazini mwa Nigeria, katika majimbo ya Kano na Kaduna, madaktari wameitumia moja kwa moja, kwa kuwa damu ya kila mwezi haikuwezekana, na viharusi vilipungua sana. Jirani zaidi, Hospitali ya Bugando mjini Mwanza imekuwa ikiwapima watoto kasi ya damu ubongoni na kuwapa dawa hiyo wanaoihitaji, katika utafiti uitwao SPHERE. Hizi ni kazi zilizofanyika kandokando ya maziwa yetu, si hadithi za mbali.

Kwa nchi yetu yenyewe, kuna pengo la kisera linaloonekana kwa macho. Tangu mwaka 2006, matibabu ya watoto chini ya miaka mitano ni bure. Ni hatua iliyookoa wengi. Lakini selimundu haiishi siku ya kuzaliwa ya tano. Kipindi cha hatari ya kiharusi kinaendelea baada ya hapo, na dawa ya kila siku haina tarehe ya kumaliza. Mtoto aliyehudumiwa bure hadi miaka minne na miezi kumi na moja, kisha akaachwa mikononi mwa mfuko wa baba mvuvi au mama mchuuzi, amelindwa nusu ya njia.

Kuna pengo pia la kikanda. Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziligawana vituo vya umahiri: Uganda saratani, Kenya figo, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa tiba, na Burundi lishe. Katika mgawanyo huo magonjwa ya damu ya kurithi hayakupewa kituo chake, ingawa baadhi ya wanachama wa Jumuiya, hasa Kongo tangu ilipojiunga mwaka 2022, wana mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Tanzania ilianza upandikizaji wa uloto Muhimbili mwaka 2021 kwa wagonjwa wa saratani ya damu, kisha ikaupeleka Dodoma kwa watoto wa selimundu. Uzoefu huo ungeweza kuwa mali ya ukanda mzima, iwapo kungekuwa na mkataba unaoeleza nani anapelekwa, nani analipa, na nani anamfuatilia mtoto akirejea nyumbani. Bila mkataba huo, mpaka utavukwa na wenye uwezo pekee, kama ilivyokuwa kwa India.

Lililo mikononi mwa mzazi leo

Mzazi hawezi kungoja mikataba. Lakini yapo mambo ambayo hayahitaji Dodoma. La kwanza ni kujua: mtoto mwenye macho ya manjano, vidole vilivyovimba kwa maumivu, na upungufu wa damu unaojirudia apimwe hemoglobini yake, na ndugu zake wapimwe pia. La pili ni kuuliza kliniki, kwa maneno haya haya: je, kasi ya damu ubongoni inapimwa hapa, na kama haipimwi, ni hospitali ipi iliyo karibu inayoipima? La tatu ni kuuliza kuhusu haidroksiyurea. La nne ni kuzungumza na mwalimu, ili mtoto anayesahau asiadhibiwe kabla hajachunguzwa. Na mtoto wa SS anayepata ghafla udhaifu wa upande mmoja, kupinda mdomo, kupoteza kauli au degedege apelekwe hospitali saa ile ile. Hilo haliwezi kusubiri asubuhi.

Habari za watoto waliopandikizwa zitaendelea kuja kutoka Dodoma, na tutazitangaza kwa furaha. Zikija, yafaa kuuliza swali moja zaidi ya idadi yao: walifika huko ubongo wao ukiwa bado mzima? Jibu la swali hilo huandaliwa miaka mingi kabla, katika zahanati ndogo, siku mtu mmoja anapoamua kumpima mtoto ambaye bado anacheza na kucheka kama wenzake.